Malipo ya Maziwa kwa Excel, Kisha Nikaambiwa Si Programu

Mimi ni karani wa hesabu katika chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mkoani Tanga. Kompyuta sikusomea. Bodi ilipochoka na malipo ya daftari na kikokotoo, nilifungua Excel, ile ya majedwali ya kupigia hesabu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwamo kwenye laptop ya ofisi.

Kijana mmoja aliyetoka chuo, anayetusaidia mambo ya mtandao, alichungulia akacheka. "Kaka, hiyo si programu. Programu inaandikwa kwa Java au Python."

Sikubishana naye, hesabu yenyewe ilikuwa imenishika. Mfugaji analeta maziwa asubuhi na jioni. Laktomita ikionyesha yametiwa maji, yanarudishwa, hayahesabiwi. Katikati ya mwezi anachukua pumba na mashudu kwa mkopo. Mwisho wa mwezi anakatwa, ila utaratibu wetu ni kwamba makato yasizidi nusu ya mapato. Deni linalobaki linasogezwa mbele. Kanuni hiyo moja ndiyo iliyoninyima usingizi. Kwenye daftari karani alikuwa akikadiria, na kila karani kwa huruma yake. Kompyuta haikadirii. Lazima uiambie ilinganishe deni na nusu ya mapato, ichukue kilicho kidogo, iandike salio, na salio hilo liwe deni la kufungulia mwezi unaofuata. Kama huko si kuprogramu, sijui wenzetu wanafanya nini.

Nikatenganisha shiti: ya kuingizia lita peke yake, ya bei na kanuni peke yake, na ya hesabu nikaifunga kwa nenosiri. Bei ya lita inakaa kwenye seli moja tu, yaani kisanduku kimoja cha jedwali. Kabla ya kubadili fomula nahifadhi nakala yenye tarehe. Kisha nikabuni wafugaji wasiokuwapo duniani: asiyeleta tone mwezi mzima, mwenye deni kuliko mapato, aliyerudishiwa maziwa yote. Mama katibu akawapigia hesabu kwa kalamu, tukalinganisha na majibu ya Excel. Mpaka leo nikigusa fomula, hao ndio wanaolipwa kwanza.

Kijana akarudi na hoja nzito zaidi. Mwaka 2020 Uingereza, karibu wagonjwa 16,000 wa Korona walichelewa kuingia kwenye takwimu kwa sababu ya Excel. Ni kweli. Mafaili yalikuwa ya muundo wa zamani wa XLS, wenye mwisho wa safu mlalo 65,536, wakati muundo wa sasa unabeba 1,048,576, zilizozidi zikadondoka. Hiyo nikaichukua. Niliongeza seli inayolinganisha idadi ya stakabadhi za kituoni na safu mlalo zilizohesabiwa. Zikitofautiana hata kwa moja, safu wima nzima ya malipo inageuka kuwa neno SUBIRI. Lakini nikamwambia, programu ya lugha yoyote itadondosha data kama hakuna anayehesabu kilichoingia na kilichotoka.

Dharau hii ina umri mkubwa. FORTRAN, lugha ya kuandikia programu, ilipotoka mwaka 1957, waliozoea kuandika kwa lugha ya mashine walitilia shaka kwamba kompyuta inaweza kujitafsiria programu ikatoka nzuri. Mwaka 1975 mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra aliandika kwamba aliyeanzia lugha ya BASIC karibu haiwezekani kumfundisha kuprogramu vizuri. BASIC ilikuwa imebuniwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, ili hata wasiosoma sayansi waitumie kompyuta, na wengi waliingilia mlango huo. Nilimwonyesha kijana LAMBDA, inayokuwezesha kujitungia fomula yako ndani ya Excel, hata fomula hiyo ijitumie yenyewe ndani yake. Akasema bado ni Excel. Haya.

Hata hivyo kuna mahali Excel imetushinda kweli. Vituo vya kukusanyia maziwa vilipoongezeka, makarani wakawa wanaingiza lita kwa wakati mmoja, na mafaili ya kuunganisha jioni yakawa mzigo. Hapo nilimwomba kijana mwenyewe aihamishie hesabu kwenye Python na hifadhidata. Akaja kuuliza kanuni zote ziko wapi. Nikampa shiti ya kanuni na wale wafugaji wa kubuni. Toleo lake la kwanza lilimkata asiyeleta maziwa mpaka malipo yake yakawa chini ya sifuri. Alirekebisha siku ileile, na sasa wafugaji wangu wa kubuni wamo kwenye majaribio yake.