Basi Tu

Jumanne jioni, nikiwa nimesimama katikati ya sebule na simu sikioni, mwanangu alinitamkia maneno manne ambayo mpaka leo Jumapili hayajanishuka. Hakugeuka hata kunitazama. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka, mashavu kwenye viganja, macho kwenye kompyuta, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja saa: "Baba, wewe ni Starscream." Nikakata simu bila kuaga. Nikamwuliza, "Kwa nini?" Akajibu, "Basi tu."

Mazungumzo yote ni hayo. Mama yake alikuwa jikoni akipaa samaki, akacheka, na kicheko hicho nacho nimekiingiza kwenye hesabu.

Wasomaji wa siku nyingi mnaikumbuka ile diski ambayo binamu yangu wa Muscat aliisahau hapa kwetu baada ya harusi. Ndani yake mna vipindi vya The Transformers, ile katuni ya mwanzo iliyoanza kuonyeshwa Marekani Septemba 1984, wala si zile filamu za miaka ya karibuni ambazo mtu hutoka nazo na maumivu ya kichwa. Kila jioni, akisharudi madrasa, Babu huruhusiwa kutazama vipindi viwili. (Kwa wageni: mwanangu amerithi jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo nyumbani haitwi vinginevyo, ingawa ana miaka tisa.)

Na kwa asiyemjua huyo niliyefananishwa naye, nieleze kwa kifupi. Roboti wa sayari ya Cybertron wamegawanyika makundi mawili yanayopigana, Autobots chini ya Optimus Prime na Decepticons chini ya Megatron. Wanaanguka duniani, wanalala miaka milioni 4, volkano inawaamsha mwaka 1984, na vita vinaendelea pale pale vilipoachwa. Starscream ni msaidizi wa Megatron. Hugeuka ndege ya kivita aina ya F-15, ana mbio na ana akili, lakini shughuli yake kubwa, kipindi baada ya kipindi, ni kueleza kwamba lau angekuwa yeye mkuu mambo yasingeharibika namna hii. Megatron akishindwa, Starscream alijua tangu mwanzo. Megatron akipotea, Starscream anajitangaza kiongozi kabla moshi haujatawanyika. Megatron akirudi, Starscream yuko magotini anaomba asamehewe.

Sasa nirudi kwenye ile simu. Nilikuwa nikizungumza na mwenzangu wa ofisini, na ninakumbuka neno kwa neno sentensi niliyokuwa nikiimalizia: "Ningekuwa mimi, hesabu za robo mwaka zingekuwa zimefungwa tangu wiki iliyopita." Ningekuwa mimi! Mzee Kalamu Nyekundu, mkuu wangu wa ofisini, mnamfahamu, kwa maana nimemwandika hapa mara nyingi kuliko nilivyomwandika mke wangu. Usiku wa Jumatano, badala ya kulala, niliyapitia maandishi yangu ya nyuma nikakuta yanayomhusu ni kumi na moja, na katika tisa kati ya hayo limo neno "ningekuwa mimi" au ndugu yake wa karibu. Mtoto hasomi shajara hii. Hakuhitaji kuisoma, kwa sababu anaisikia ikisomwa sebuleni kila siku kabla haijaandikwa.

Jambo jingine lililonikosesha usingizi ni la kisarufi. Hakusema "kama Starscream." Kiswahili kina neno "kama", na mtoto analitumia tangu alipoanza kusema. Angesema "unafanana na", ningejitetea kwamba kufanana hakumfungi mtu. Alisema "ni", halafu nilipomwomba sababu akanipa "basi tu", jibu ambalo halina mlango wala dirisha, na ambalo mimi mwenyewe, nakiri, ndilo ninalompa akiniuliza kwa nini haruhusiwi kipindi cha tatu.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba nyumba hii ina haki ya Optimus Prime. Marehemu baba aliendesha semi kati ya Tanga na Arusha mpaka magoti yalipomkatalia, na Optimus Prime hageuki kitu kingine ila kichwa chekundu cha lori chenye tela nyuma yake. Kila anaposimama kuwa roboti, tela lile hujiviringisha pembeni na kutoweka machoni, na akirudi kuwa lori tela nalo linarudi, bila mtu kuuliza lilikuwa wapi. Marehemu asingelisamehe jambo hilo. Tela likipotea, wa kwanza kuulizwa ni dereva.

Jumatano asubuhi, tukiwa njiani kwenda shule, nilijaribu kupitia mlango wa uani. Nikamwuliza, "Na Optimus ni nani?" Akajibu, "Babu." Nikasema, "Babu wewe, au Babu marehemu?" Akafikiri kidogo, akarusha jiwe kwenye mtaro, akasema, "Wote." Sikuachiwa hata nafasi ya Bumblebee, ambaye ni kigari kidogo tu cha njano.

Tena si mara ya kwanza. Nilipokuwa na umri wake huku bara hapakuwa na kituo cha televisheni, na hakikuwapo mpaka 1994, lakini nyumbani kwa huyo huyo binamu palikuwa na deki iliyotoka Muscat na mkanda mmoja wenye vipindi vitatu, ambao tuliutazama mpaka picha ikaanza kutetemeka. Uani tulipocheza, mwenye deki alikuwa Optimus siku zote, na mimi siku zote nilikuwa Starscream, kwa hoja kwamba nilikuwa mwembamba na nilipenda kupiga kelele. Nilidhani kesi hiyo ilikwisha zamani.

Alhamisi Mzee Kalamu Nyekundu alipata uhamisho wa ghafla kwenda Dodoma, nami nikaandikiwa barua ya kukaimu nafasi yake, na Ijumaa hesabu zikafungwa. Najua mnangoja nieleze hayo, lakini kusema kweli wakati mzee ananikabidhi funguo na mhuri, nilichokuwa nikikiwaza ni jinsi Megatron anavyogeuka. Wengine hugeuka magari na ndege. Yeye, mkuu wa majeshi, hugeuka bastola, Walther P38, na bastola haijifyatui yenyewe. Lazima ashikwe na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni Starscream. Chanzo chake ni biashara tu: kampuni ya Hasbro ilichukua vinyago kutoka kwa Takara ya Japani, magari na ndege kutoka katika mfululizo mmoja, bastola na redio ya kaseti kutoka katika mwingine uliokuwa wa vitu vya ukubwa wa kawaida, kisha ikawaomba waandishi wavishonee hadithi moja. Waandishi wakajikuta na mtawala ambaye, saa ile anapokuwa na nguvu kuliko wakati wowote, amo kiganjani mwa mtu anayekitamani kiti chake. Sijui kama walikusudia. Mimi naona ndicho kitu bora kuliko vyote walivyokipata katika katuni hiyo, na walikipata kwa sababu ya vinyago.

Mhuri wenyewe ni wa mpini wa mbao, umelainika kwa vidole vya miaka mingi. Mzee alinishikisha, akaukunja mkono wangu juu yake, akasema, "Usiugonge kwa nguvu, mpira wake umechoka upande wa kushoto. Uegemeze." Akanionyesha kwenye karatasi chakavu namna ya kuuegemeza. Miaka sita nimekuwa nikilalamika, hapa na kwingineko, kwamba barua za idara yetu hutoka na mhuri uliofifia upande mmoja kwa sababu mkuu hana umakini.

Hapo ndipo hasira yangu kwa mtoto ilipoanza kulegea, ingawa aliyeimaliza ni mama yangu.

Mama yupo hapa tangu juzi ya Idi, ametoka Muheza kwa ajili ya mtoto wa jicho. Kwa kuwa macho yake sasa hupata mwanga na vivuli tu, katuni haioni. Anaisikiliza, naye Babu humtafsiria kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Siku ya kwanza aliuliza, "Wanagombania nini hao?" Akaambiwa, "Nishati, Bibi. Kwao imewaishia." Akasema, "Basi nao wanangoja LUKU," na tangu hapo amekuwa upande wa yeyote ambaye taa zake zinakaribia kuzimika. Majina ya Kizungu hakuyashika, akawabatiza kwa sauti zao. Optimus ni Shehe. Soundwave, ambaye sauti yake imepitishwa kwenye mtambo mpaka ikawa kama inatoka shimoni, ni Bwana Bomba. Starscream ni Mlango wa Kutu.

Ijumaa usiku Wheeljack, fundi wa Autobots, alikuwa akieleza chombo alichokivumbua, na masikio yake yakiwaka kwa kila neno kama kawaida yake. Mama akainua kidole. "Huyu fundi," akasema, "na yule Mlango wa Kutu, si mtu mmoja?"

Babu akacheka mpaka akaviringika. "Bibi! Huyu ni mzuri, yule ni mbaya!"

"Sijauliza uzuri," mama akasema. "Nimeuliza koo."

Nikaenda kutafuta, na mama yuko sahihi. Starscream na Wheeljack walisemwa na mwigizaji mmoja, Chris Latta, aliyefariki mwaka 1994. Na si hao tu. Koo hilo hilo ndilo la Sparkplug, yule fundi binadamu anayewasaidia Autobots, ambaye ni baba wa kijana Spike. Mimi nimeitazama katuni hii utotoni na nimeirudia ukubwani, macho yangu mazima, na sikuwahi kulisikia. Kila mara mmoja wao alipofungua kinywa nilikuwa nimekwisha kuona rangi yake na alama ya kifuani, nikajua mapema nimsikie vipi. Mama hana rangi wala alama. Anachopewa ni pumzi tu, na jinsi neno linavyokwaruza linapotoka.

Sitaki kulitia jambo hili chumvi. Lakini usiku ule nililala.

Jumamosi nilikaa mkekani pembeni ya Babu, nikiwa nimejiandaa kama wakili. Tulikuwa tumefikia kile kipindi cha msimu wa kwanza ambacho Decepticons wanamfukua Skyfire kutoka kwenye barafu ya ncha ya kaskazini. Inaelezwa hapo kwamba kabla ya vita Starscream alikuwa mwanasayansi, na kwamba yeye na Skyfire walikuja duniani pamoja kuichunguza, Skyfire akapotelea katika dhoruba, na Starscream akamtafuta asimwone mpaka akalazimika kurudi peke yake. Baadaye katika kipindi hicho hicho anampiga risasi rafiki huyo kwa kukataa kuwaua mateka, kwa hiyo sisemi kwamba ni mtu wa kumwachia funguo. Lakini alimtafuta. Nilingoja mpaka hapo, nikasema kwa upole, "Babu, siku ile uliponiita Starscream, ulikuwa na maana gani hasa?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilisema lini?"

"Jumanne. Nikiwa na simu."

Akajaribu kukumbuka, naona alijitahidi kwa ajili yangu. Kisha akasema, "Baba, unaziba."

Nikasogea asizibwe.

Katika diski ile kuna pia filamu ya mwaka 1986, na hiyo nimeihamishia kwenye folda iliyoandikwa "Kodi 2019", mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba hii atakayeingia kwa hiari. Humo Optimus Prime anafariki kitandani, akiwa amezungukwa na wenzake, kwa sababu Hasbro ilitaka kuondoa vinyago vya zamani madukani ili iuze vipya. Watoto walilia kumbini, na mwaka 1987 ikabidi afufuliwe katika vipindi viwili. Humo pia Starscream anaupata ukuu aliokuwa akiulilia tangu 1984: anavikwa taji, tarumbeta zinapigwa, na kabla sherehe haijamalizika anageuzwa jivu. Siku yake ya kuonyeshwa itafika. Wiki hii hapana. Shehe hawezi kufa nyumbani kwangu wakati mama yumo safarini kwenda chumba cha upasuaji.

Upasuaji ni Alhamisi ijayo saa mbili asubuhi. Jana usiku, Babu akiwa ameshalala, mama aliniuliza kama wakati wanampasua atakuwa macho. Nikamwambia atakuwa macho, atapigwa ganzi ya jicho tu. Akauliza, "Nitasikia?" Nikamwambia atasikia. Akanyamaza muda mrefu, akikunja na kukunjua ncha ya khanga, halafu akauliza ni nani atakayekaa nje kwenye benchi ili akitoka amsikie. Alhamisi hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, nina kikao changu cha kwanza cha kukaimu, na mke wangu yuko zamu. Nimeitazama kalenda tangu alfajiri.