Uko muntu wa wapi?

Wapendwa, amani ya Bwana iwe kwenu. Somo la juma hili ni refu: Matendo ya Mitume 21:27 hadi 23:35. Lisomeni lote kabla ya kuendelea hapa, na mkiweza lisomeni kwa sauti, maana ni habari yenye makelele mengi. Watu wanapiga kelele hekaluni, wanapiga kelele chini ya ngazi za ngome, wanapiga kelele hata barazani mbele ya kuhani mkuu. Katikati yao kuna mtu mmoja aliyefungwa minyororo, na kila anayemkaribia anataka kujua jambo lile lile: huyu ni nani?

Kila mara Paulo anatoa jibu jingine.

Jemadari Mrumi anadhani amemkamata yule Mmisri aliyeongoza watu elfu nne jangwani. Paulo anamjibu kwa Kiyunani: yeye ni Myahudi wa Tarso, mwenyeji wa "mji usio mnyonge". Dakika chache baadaye anageukia umati na kusema nao kwa Kiebrania: alizaliwa Tarso, ndiyo, lakini alilelewa humu humu Yerusalemu, miguuni pa Gamalieli. Wanapomfunga kamba wampige mijeledi, anamwuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa. Kesho yake barazani anapaza sauti kwamba yeye ni Farisayo, mwana wa Farisayo. Ni majibu manne kwa siku mbili, na hakuna hata moja la uongo.

Wahubiri wengi hupita hapa haraka, kama watu wanaoona haya. Tunampenda Paulo wa Wafilipi 3, yule anayetaja kabila ya Benyamini na Uebrania wake wote, kisha anasema ameyahesabu kuwa hasara. Lakini huyu wa ngazini, anayetoa karatasi moja baada ya nyingine kama abiria aliyesimamishwa barabarani na polisi, hatujui tumweke wapi. Mimi naona ni mtu yule yule, na juma hili ningependa tukae naye pale pale ngazini.

Tuanze na chanzo cha fujo. Luka anakisema katika mstari mmoja, 21:29: watu walikuwa wamemwona Paulo mjini pamoja na Trofimo, mtu wa Efeso, wakadhani amemwingiza hekaluni. Walidhani tu. Hekalu la wakati ule lilikuwa na ukuta mfupi uliozunguka ua wa ndani, na penye ukuta huo palikuwa na mawe ya onyo: mtu wa taifa jingine asivuke, na atakayekamatwa, kifo chake ni juu yake mwenyewe. Jiwe mojawapo, lenye maandishi ya Kiyunani, lilipatikana Yerusalemu mwaka 1871, na leo limehifadhiwa Istanbul. Trofimo hakuvuka ukuta wowote. Alionekana akitembea mjini na rafiki yake, na hilo likatosha mji mzima kutaharuki.

Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mji wetu ulianzishwa 1910 kwa jina la malkia wa Ubelgiji, Élisabethville, na jina la sasa, la mto wetu, likaja 1966. Shaba ndiyo iliyotuita hapa. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba iliyoundwa 1906, ilitafuta mikono pande zote: Kasai, Rwanda na Burundi, na ile Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Mtu alishuka kwenye treni, akapewa namba na nyumba kambini, akaoa, akazaa. Wajukuu wake leo wako katika mitaa ya mji wetu: Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi. Wanasema Kiswahili cha hapa, wanakula bukari na sombe kama kila mtu. Kisha inakuja fishi, yaani fomu, ya kujaza, na kwenye mstari wa asili, kijana wa Katuba ambaye hata baba yake alizaliwa Katuba anaandika kijiji cha Kasai ambacho hajawahi kukikanyaga.

"Uko muntu wa wapi?"

"Wa Katuba."

"Hapana, wa wapi kabisa?"

Hayo kila mmoja wetu ameyasikia, kwenye kilio, kwenye kikao cha mahari, kwenye mlango wa ofisi alikokwenda kuomba kazi. Mara nyingine ni ukarimu mtupu: mzee anatafuta kama mnahusiana, ili akuvutie kiti karibu naye. Mara nyingine ni kipimo, na mtoto wa miaka kumi tayari anajua kutofautisha.

Na hiyo asili yenyewe haina kanuni moja. Kwa Balamba na Babemba mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ni zito. Kwa Baluba mtoto ni wa baba. Basi mtoto wa baba Muluba na mama Mulamba anadaiwa na pande zote mbili. Geuza: baba akiwa Mulamba na mama Muluba, ukifuata kanuni barabara, kila upande unaweza kumwonyesha mlango wa mwenzake. Mstari wa fishi ni mmoja tu, na mtu anajaza anachoweza.

Juu ya mstari huo kuna mingine mitatu: nomu, postinomu (jina la mababu linalofuata nomu), prenomu (jina la ubatizo). Vijana wengi hawajui huo wa katikati ulitoka wapi. Nchi yetu ya Kongo ilipobadilishwa jina kuwa Zaire mwaka 1971, miezi michache baadaye rais Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko, na raia wote wakaamriwa kuacha majina ya kigeni ya ubatizo na kuchukua ya mababu. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, na ikambidi akae Roma kwa miezi. Baada ya 1990 kina Pierre na Marie wakarudi kwenye karatasi, na postinomu ikabaki. Mimi sidhani hoja ya Mobutu ilikuwa ya kipumbavu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwafrika kulazimika kuazima jina la mtakatifu wa Ulaya ndipo ahesabiwe kuwa Mkristo, hilo lilistahili kuulizwa. Lakini jina la babu likija kwa amri ya serikali, babu naye amegeuzwa kuwa mtumishi wa chama. Danieli huko Babeli aliitwa Belteshaza, na hatusomi kwamba aligombana juu ya jina. Alichokataa ni chakula cha mfalme. Alijua ni lipi la kukataa na lipi la kuvumilia, na hiyo ni hekima ambayo wengi wetu bado tunaiomba.

Jambo moja dogo la serikali hunifurahisha. Nchi yetu haijafanya sensa tangu 1984, na kwa miaka mingi karte ya mpigakura ndiyo imeshika nafasi ya kitambulisho. Asiye na karatasi yoyote anaweza kuandikishwa kwa ushuhuda wa watu watatu ambao wameandikishwa tayari katika kituo hicho. Mama anayeuza makala (makaa) kwenye avenyu, jirani mwenye bomba la maji, mzee wa mtaa: watatu hao wakisema "tunamjua", Jamhuri nayo inakubali kwamba anajulikana.

Sasa lile la uchungu. Mwaka 1992 na 1993, jimbo letu la Katanga likiitwa bado Shaba, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko, na wengi wao walikuwa wazaliwa wa hapa hapa. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Maelfu walilala stesheni ya Likasi kwa miezi wakingoja treni, na wengine walifia hapo. Njaa ilikuwepo pia: Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilikuwa inaanguka, shimo la mgodi wa Kamoto lilikuwa limeporomoka 1990, na watu walikuwa na malalamiko ya kweli kuhusu nani alipata kazi na nani hakupata. Lakini waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa, wengine katika kanisa moja, wakiimba nyimbo zile zile kwa Kiswahili kile kile. Waliohubiriwa pamoja miaka thelathini walitenganishwa kwa mstari mmoja wa fishi.

Baada ya mambo ya namna hiyo kanisa hukimbilia Wagalatia 3:28: "Hapana Myahudi wala Myunani." Nasema amina. Ila tuangalie ni nani anausoma mstari huo, na saa ngapi. Mara nyingi husomwa na mtu ambaye asili yake haijamgharimu kitu. Mjane aliyeacha nyumba yake Likasi akiambiwa "mama, sisi sote ni kitu kimoja katika Kristo" kabla hajaulizwa nyumba iliishia mikononi mwa nani, hapo mstari mtakatifu umetumika kumnyamazisha. Paulo aliyeandika Wagalatia ndiye aliyesimama ngazini miaka kadhaa baadaye akasema mimi ni Myahudi. Naye Yohana, katika Ufunuo 7:9, anawaona waliokombolewa wakiwa mbele ya kiti cha enzi, na bado anatambua kwamba ni watu wa kila taifa, na kabila, na jamaa, na lugha. Mbinguni kwenyewe Mulamba anaonekana ni Mulamba.

Kilichobomolewa ni ukuta. Waefeso 2:14 inasema hivyo, "kiambaza cha kati kilichotutenga", na barua hiyo imeandikwa na mtu anayejiita mfungwa kwa ajili ya watu wa Mataifa. Nikiisoma namkumbuka Trofimo. Nadhani mtu wa Efeso aliyesikia neno hilo "kiambaza" alijua vizuri Paulo alifungwa kwa sababu ya nani.

Turudi kidogo nyuma, Matendo 16, huko Filipi. Paulo na Sila wanapigwa kwa fimbo hadharani na kutupwa gerezani. Huko hatusikii neno juu ya Urumi wao mpaka asubuhi, wakuu wa mji wanapotaka kuwatoa kimya kimya. Hapo Paulo anakataa: wametupiga bila kutuhukumu, nasi tu Warumi, waje wenyewe watutoe. Kwa nini asubuhi, baada ya fimbo? Luka haelezi. Pengine fujo zilikuwa kubwa na sauti yake haikusikika. Lakini ona anakokwenda akitoka: nyumbani kwa Lidia, kuwafariji ndugu. Anaondoka mjini, wao wanabaki. Filipi ilikuwa koloni la Kirumi, watu wake walijivunia Urumi wao, na sasa wakuu wake wana hofu, wanajua wamevunja sheria. Nani atathubutu kumgusa Lidia juma hilo, au nyumba ya yule mlinzi wa gereza? Naamini Paulo alivaa majeraha yake mwenyewe, na uraia akawaachia wengine wajifunike. Hao ndio baadaye anaowaandikia kwamba wenyeji wetu uko mbinguni.

Kwa hiyo nikitaja asili yangu, swali langu ni nani atakayepona kwa kuitaja huko, na nani atakayeumia. Mwenye asili inayoheshimika hapa mjini anaweza kusimama kwenye kikao cha mtaa na kusema: mimi ni mwana wa nchi hii, na huyu ni jirani yangu, hatoki. Asili hiyo hiyo inaweza pia kusema: mimi ni mwana wa nchi hii, yeye atoke. Mwaka 1992 zilisikika zote mbili. Kuna familia ziliponea chini ya kitanda cha jirani wa "kabila jingine", na watoto wao hawajasahau.

Nina la kupeleka kwa wazee. Katika daftari letu la washiriki kuna safu ya asili, na hakuna anayekumbuka ilichorwa lini. Wapo wanaosema ifutwe leo. Mimi nasema tujue kwanza ilitumika kwa nini. Kama ni kujua ndugu akifa tupigie simu wapi, ibaki. Kama ndiyo iliyotazamwa walipochaguliwa mashemasi, au kijana alipoomba barua ya pendekezo la kazi, basi ifutwe, na majina ya walionyimwa yatafutwe, waitwe, waulizwe.

Mkimaliza sura ya 23 mtakutana na jibu la tano, ambalo Paulo mwenyewe hakulitoa. Watu zaidi ya arobaini wamekula kiapo wasile wala wasinywe mpaka wamwue. Karatasi zote zimekwisha kutumika. Ndipo anatokea "mwana wa dada yake". Ni hapa tu katika Biblia nzima tunapojua kwamba Paulo alikuwa na dada. Kijana huyo haulizwi kabila wala mji. Anaingia ngomeni kwa sababu mjomba wake yumo, anamweleza aliyoyasikia, na jemadari anamshika mkono na kumpeleka kando asikilize. Usiku huo huo Paulo anatolewa Yerusalemu na askari mia mbili, wapanda farasi sabini na wenye mikuki mia mbili. Jemadari naye, Klaudio Lisia, anaandika barua kwa liwali kwamba alimwokoa mtu huyu kwa kuwa alijua ni Mrumi. Rudini 22:24-26 mwone kama ndivyo ilivyokuwa, kisha mje Jumatano na majibu. Juma lijalo tunaingia sura ya 24, mbele ya Feliki.