Mukainada, kituo cha pili kutoka Hiroshima

Anayetaka kuona Mazda ilikozaliwa hahitaji teksi. Katika kituo kikuu cha Hiroshima nilipanda treni ya JR ya njia ya Sanyo inayoelekea mashariki, nikakaa dirisha la kulia. Kituo cha kwanza ni Tenjingawa, cha pili ni Mukainada, na hapo ndipo pa kushuka. Kabla ya Tenjingawa uwanja wa besiboli wa Mazda unapita kando ya reli, nyumbani kwa timu ya Hiroshima Toyo Carp. Hilo "Toyo" la katikati ni jina la zamani la kampuni. Toyo Kogyo iliunda magari yenye nembo ya Mazda kwa miaka zaidi ya 50 kabla ya yenyewe kuitwa Mazda rasmi mwaka 1984.

Kutoka kituoni hadi makao makuu ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Makao hayo hayamo katika jiji la Hiroshima. Yamo Fuchu, mji mdogo uliozungukwa na jiji pande zote na usiokubali kumezwa. Jumba la makumbusho liko ndani ya eneo la kiwanda, kwa hiyo hakuna kuingia kwa kubisha hodi: unaweka nafasi mapema kwenye tovuti yao, unaripoti mapokezi, kisha basi la kampuni linakupeleka. Njiani basi linavuka daraja la zaidi ya nusu kilomita kwenye mlango wa mto, na daraja hilo ni mali ya kampuni. Ng'ambo yake ndiyo mitambo ya Ujina, na gati ambapo magari mapya hupakiwa melini moja kwa moja.

Ndani, historia inaanza na kizibo. Kampuni iliundwa Januari 1920 kutengeneza bidhaa za gome la mkoki, la kuzibia chupa, na mwaka uliofuata ikashikwa na Jujiro Matsuda, fundi vyuma aliyeigeuza kuwa karakana ya mashine. Gari la kwanza, Mazda-Go la 1931, lina magurudumu matatu: mbele pikipiki, nyuma sanduku la mizigo, injini ya silinda moja ya sisi (cc) 482. Mtu wa Dar es Salaam angeliita guta bila kufikiri mara mbili. Jina lilichukuliwa kwa Ahura Mazda, mungu wa hekima wa Waajemi wa kale, na kwa ukoo wa Matsuda. Wajapani hadi leo huliandika na kulitamka "Matsuda".

Agosti 6, 1945, siku Jujiro alipotimiza miaka 70, bomu la atomiki lilianguka katikati ya jiji, kilomita tano hivi kutoka kiwandani. Kati ya bomu na kiwanda kulikuwa na kilima cha Hijiyama, na kilima hicho kilipokea sehemu ya mshindo. Wengi wa wafanyakazi waliokuwa mjini asubuhi hiyo walikufa, lakini mapaa ya Fuchu yalibaki yamesimama. Majengo yakawa hospitali, na serikali ya mkoa, iliyopoteza ofisi zake, ikahamia humo hadi Julai 1946. Desemba 1945 magurudumu matatu yalikuwa yameshaanza kutoka tena. Jiji lililoteketea lilihitaji kitu cha kubebea mbao.

Gari la kwanza la abiria lilikuja 1960. R360 Coupe ni dogo kiasi kwamba mtu mrefu hulitazama kwa huruma, lakini lilikuwa na gia za otomatiki kwa aliyezitaka. Nikalipita upesi, kwa sababu chumba kinachofuata ndicho kilichonitoa mbali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wizara ya biashara na viwanda ya Japani ilitaka kampuni za magari ziunganishwe ziwe chache. Kampuni ya mkoani isiyo na kitu cha pekee ingemezwa. Tsuneji Matsuda, mrithi wa Jujiro, akaenda Ujerumani kwa kampuni ya NSU kununua haki ya injini ya Wankel, ile ya kuzunguka. Mwaka 1963 Kenichi Yamamoto alipewa idara na wahandisi 47, wakajifananisha na wale ronini 47, samurai waliobaki bila bwana, wa hadithi ya Kijapani.

Injini yenyewe haina pistoni wala valvu. Kuna rota, pembetatu iliyovimba mbavu, inayozunguka ndani ya chumba chenye umbo la 8 iliyonenepa kiunoni. Pande tatu za rota zinafanya kazi kwa zamu: moja inavuta, nyingine inabana na kulipua, ya tatu inatoa moshi. Rota ikizunguka mara moja, shafti imezunguka mara tatu. Ni nyepesi, ndogo, haina mtikisiko wa kupanda na kushuka. Ugumu wote umejaa kwenye ncha tatu za pembetatu, ambako ukanda mwembamba wa chuma, sili ya ncha, lazima uguse ukuta muda wote na usivujishe.

Injini za majaribio zilitikisika zikiwa taratibu, zikafuka moshi mweupe, na baada ya saa chache ukuta wa ndani ulikuwa na michirizi ya mawimbi kama umekwanguliwa. Wahandisi waliiita makucha ya shetani. Sili haikuwa inateleza. Ilikuwa inarukaruka kwa mtetemo wake wa asili na kuugonga ukuta uliopakwa kromu. Dawa ya kwanza ilikuwa kuitoboa matundu yaliyokingamana ili mtetemo ubadilike. Iliyoingia sokoni ilikuwa sili ya kaboni iliyonyweshwa alumini, nyepesi na yenye kujilainisha. Mei 1967 Cosmo Sport ikauzwa, rota mbili za sisi 491 kila moja, nguvu farasi 110. NSU nao walitoa Ro 80 mwaka huohuo kabla sili zao hazijakomaa, wakalipa dhamana hadi kampuni ikaishia mikononi mwa Volkswagen mwaka 1969.

Anayemiliki RX-8, gari la Mazda lenye injini ya rota, Nairobi au Dar ana haki ya kujua yanayofuata, maana mafundi wengi humlaumu bure. Injini hii inakula oili kwa makusudi: pampu ndogo inaingiza oili chumbani ili kulainisha sili. Angalia kijiti cha oili kila unapojaza tangi mara ya pili, usingoje taa. Plagi ni nne, mbili za kuongoza na mbili za kufuatia, na si za aina moja, kwa hiyo fundi asizichanganye. Koili zikichoka, petroli isiyoungua inashuka kwenye eksosti na kuziyeyusha sega za katalisti, kile kisafisha moshi, eksosti inaziba, joto linarudi kwenye rota, na sili ndizo zinazolipa.

Kosa linaloua wengi ni dogo. Gari limelala usiku, asubuhi unaliwasha, unalisogeza mita tano kumpisha jirani, unalizima. Petroli ya kuwashia baridi imeosha oili kwenye sili, mbano umepotea, na haliwaki tena. Kanyaga pedali ya mafuta hadi sakafuni huku unapiga stata, maana hapo kompyuta inakata petroli. Likikataa, toa fyuzi ya pampu ya mafuta, fungua plagi, zungusha injini iteme petroli, kausha plagi, tia kijiko cha chai cha oili kila chumba, rudisha vyote, jaribu tena kwa betri iliyojaa. Na ukilinunua, usikubali kipimo cha mbano cha injini ya kawaida. Kile kinaonyesha upande ulio bora kati ya pande tatu. Omba kipimo cha rota kinachosoma kila upande peke yake. Gari linalowaka vizuri likiwa baridi na kusumbua likiwa moto limeshajieleza lenyewe.

Injini hii ni mlafi wa petroli pia, na ulafi huo karibu uizike kampuni. Mgogoro wa mafuta wa 1973 uliikuta Mazda imejaza maghala ya Marekani magari ya rota. Benki ya Sumitomo ikaingia kuiokoa, wafanyakazi wa kiwandani wakatumwa kwa wauzaji mikoani kunadi magari, na mwaka 1979 Ford akanunua robo ya hisa. Mwaka 1996 Ford alifikia theluthi na kumweka Henry Wallace, mgeni wa kwanza kuongoza kampuni ya magari ya Japani. Ford aliondoka kidogo kidogo kuanzia 2008. Tangu 2017 Toyota inashika asilimia 5 hivi ya hisa.

Pembeni ya habari hizo za madeni limesimama gari la mbio la 787B namba 55, rangi ya chungwa na kijani. Juni 1991 lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kwa mizunguko 362, likiendeshwa na Volker Weidler, Johnny Herbert na Bertrand Gachot. Lilikuwa na rota nne na sili za kauri. Wengi husema lilishinda kwa mwendo, lakini si hivyo. Kanuni ziliruhusu liwe na kilo 830 tu wakati wapinzani wakubwa walibeba 1,000, hivyo lilikula tairi, breki na mafuta kidogo zaidi, na Mercedes iliyokuwa ikiongoza ikaharibika saa za mwisho. Kampuni iliyoponzwa na ulafi wa petroli ilishinda kwa kubana matumizi.

Baada ya hapo ziara inahamia kwenye injini za kizazi cha Skyactiv, na hapa ndipo sifa ya Mazda inapogawanyika kwetu. Dizeli ya kawaida hubana hewa mara 16 hadi 18. CX-5 ya 2012 ilikuja na mbano wa 14 tu, hivyo bloku ikawa ya alumini, nyepesi, na moshi ukawa safi bila mtambo wa gharama wa kusafisha oksidi za naitrojeni. Kazi nzuri, ila ilipangwa kwa gari linalokwenda mbali. Ukiitumia kwenye foleni ya kilomita sita asubuhi na sita jioni, chujio la masizi halipati joto la kujichoma. Kompyuta inamwaga dizeli ya ziada ili kuliwasha, wewe unazima njiani, na dizeli hiyo inateremka kwenye oili. Kwa hiyo kwenye kijiti cha oili kuna alama ya X juu ya kipimo cha kujaa. Oili ikipanda hadi hapo, usifurahi kwamba gari halili oili. Ibadilishe siku hiyohiyo, kwa oili ya majivu kidogo yenye alama DL-1 au C3. Masizi nayo hujenga kuta kwenye mikono ya hewa. Kwa dizeli ndogo ya sisi 1,500 ya Demio na CX-3, Mazda yenyewe iliwahi kuyaita magari nchini Japani kwa sababu ya masizi kwenye valvu. Safari moja kwa wiki, nusu saa ya barabara kuu bila kusimama, inazuia mengi. Fundi anayeshauri kulikata chujio na kutupa anakuuzia kimya cha taa, si dawa.

Demio ya petroli haina makuu hayo. Ile ya 2007 hadi 2014 ina cheni badala ya mkanda, na cheni hiyo hailalamiki isipokuwa oili ikipungua. Ile ya 2014 kuendelea ina otomatiki ya gia sita inayotaka mafuta ya FZ, ambayo yana rangi ya buluu. Ukiona fundi anafungua kopo la mafuta mekundu, mzuie hapohapo.

Mwisho ni dirisha la juu linalotazama mstari wa kuunganishia magari, ambako kamera hairuhusiwi. Kinachoshangaza ni mchanganyiko: CX-5, kisha kigari cha wazi cha MX-5, kisha kitu kingine kabisa, usukani kushoto, usukani kulia, vyote mstari mmoja. Kampuni ndogo haina uwezo wa kumpa kila mtoto chumba chake. Magari mengi yalikuwa mekundu, ile rangi ya msimbo 46V: tabaka la chini lenye chembe za kuakisi, juu yake jekundu linalopitisha mwanga, kisha vanishi. Ndiyo maana bampa iliyorudiwa gereji huonekana kama imeazimwa: tabaka la katikati likizidi unene kidogo, rangi inakuwa nzito, na hakuna kung'arisha kutakakoirudisha. Mpe mpiga rangi kipande cha majaribio kwanza, kikauke, ukilinganishe juani.

Katika mitambo hiyohiyo ya Ujina rota imerudi. Tangu 2023 MX-30 R-EV ina rota moja ya sisi 830 isiyogusa magurudumu kabisa, inayochaji betri tu, na sili zake zimeongezwa unene hadi milimita 2.5.

Jioni nilipanda tramu hadi Hijiyama-shita nikapandisha kilima. Magharibi kuna katikati ya jiji, yote mapya. Mashariki, nyuma ya reli, yanaonekana mapaa ya viwanda kuelekea bahari. Kilima chenyewe hakifiki mita 80.