Unyevu Ulivyoingia Studioni Mwangu

Masika ya mwaka jana hayakupitisha hata tone moja la maji darini mwangu, na hilo ndilo lililonifanya nijione salama. Chumba changu cha kurekodia kipo katika ghorofa ya juu ya nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, Unguja, ambamo kwa miaka kadhaa nimekuwa nikirekodi kaswida pamoja na ala za nyuzi za udi na ganuni. Siku maikrofoni yangu ya kondensa ilipoanza kuchechemka katikati ya sauti ya msomaji, kama vitunguu vinavyotiwa kwenye mafuta ya moto, nilishuku waya, kisha nikaishuku kompyuta, na juma zima likapita kabla sijaifikiria hewa yenyewe.

Ndani ya maikrofoni ya aina hiyo mna utando wa plastiki uliopakwa dhahabu, wenye unene wa maikroni chache tu, unaokabiliana na bamba la chuma huku baina yao mkiwa na chaji ya umeme ambayo haina budi kubaki pale pale. Unyevu ukitua hapo pamoja na vumbi na chumvi ya bahari, chaji hupata njia ya kuvuja, na uvujaji huo ndio unaosikika kama mchechemko. Maikrofoni ya dainamiki hutumia koili na sumaku, haihitaji chaji hiyo, na kwa hiyo SM58 yangu ya zamani, ambayo ni ya aina hiyo, ilipita masika yale bila tatizo lolote.

Kosa langu kubwa lilikuwa namna nilivyotumia kiyoyozi. Nilikiwasha wakati wa kurekodi, chumba kikashuka hadi nyuzi 20, na kazi ilipokwisha nilikizima na kufungua madirisha yote nikiamini kwamba ninakipa chumba hewa safi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huangusha umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Basi kila jioni nilikuwa ninavilowesha vyombo vyangu mwenyewe, kama vile gilasi ya maji ya barafu inavyolowa kwa nje.

Kisha zikaja kuta. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambavyo hunyonya maji na kuyaachia polepole, lakini ukuta wa chumba changu ulikwisha kupigwa lipu ya saruji, isiyoachia unyevu kama chokaa, nami juu yake nikabandika kwa gundi sponji za kupunguza mwangwi. Nilipozibandua nilikuta ukuta mweusi kwa kuvu. Kilichoniuma hapo si fedha, bali vijana wa madrasa waliokuwa wakijaza vifua vyao hewa ile kwa saa nyingi ili wanisomee vizuri.

Fundi wangu aliifungua mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, akakuta kutu ya kijani kwenye pini za shaba, akazisafisha kwa spiriti ya isopropili. Utando wa maikrofoni hakuufuta wala kuupuliza, na alinionya nisithubutu kufanya hivyo. Alizifungia maikrofoni zangu mbili za kondensa ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na silika jeli, chembechembe zinazonyonya unyevu, kwa siku tatu. Moja ilipona, ya pili haikupona.

Sasa maikrofoni zote hulala ndani ya makasha ya plastiki yanayofunga barabara, pamoja na silika jeli ya rangi ya chungwa ambayo hugeuka kijani inaposhiba maji, nami huikausha kwenye oveni na kuitumia tena. Haigromita ndogo ndani ya kila kasha hunionyesha kama unyevu umebaki kati ya asilimia 40 na 50. Sponji nimezipachika kwenye fremu za mbao zilizoachana na ukuta, na madirisha siyafungui mpaka maikrofoni ziwe zimerudi makashani na vyombo vingine vimeacha baridi. Nimenunua pia mashine ya kukausha hewa, na katika usiku wa masika huamka nikaikuta imejaza tangi lake.

Mpiga ganuni ndiye aliyeiona tofauti kabla yangu. Ngozi iliyo chini ya daraja la nyuzi hulegea inapopata unyevu, na zamani alilazimika kukaza nyuzi upya baada ya kila wimbo. Juzi alikaza mara moja baada ya magharibi, akapiga mpaka adhana ya isha.