Kurasa mbili kuhusu ndege ya Rais

Mei 2024, Rais Ruto alipokwenda Marekani kwa ndege ya kukodi, maskani yetu hapa Kisauni, Mombasa, haikukalika. Kila jioni ni ndege tu. Huyu anasema zimetumika milioni 200, yule anasema Rais mwenyewe ameshatamka kwamba haikuzidi shilingi milioni 10, marafiki walimrahisishia. Wa tatu anauliza kwa nini asipande ile iliyonunuliwa enzi za Moi. Mimi ndiye katibu wa kikundi, barua zote za maji na taa za barabarani huandika mimi. Nikasema basi, hasira hizi tuzitie kwenye karatasi, tuzipeleke Bungeni bajeti ijayo ikisomwa.

Kazi ilikuwa kuwakubalianisha watu. Nusu yao hawakutaka hata kusikia habari za ndege mpya. Kila nikifungua daftari, mzee mmoja hunikumbusha Basil Mramba, waziri wa fedha wa Tanzania wakati wa Mkapa, na ile kauli kwamba ndege ya Rais itanunuliwa hata ikibidi wananchi wale majani. Gulfstream ikanunuliwa kweli, na majani yakamfuata Mramba hadi kaburini.

Nikaona niiache bei kando kwanza, nianze na ndege yetu yenyewe. Ni Fokker 70, nambari yake KAF 308, iko chini ya Jeshi la Wanahewa pale Eastleigh. Ilinunuliwa mwaka 1995. Machi 1996 kampuni ya Fokker kule Uholanzi ikafilisika. Fokker 70 zote zilizowahi kuundwa duniani hazifiki 50, na KLM, shirika la ndege la Uholanzi lililokuwa nazo nyingi, liliziaga Oktoba 2017.

Nilipoyasoma hayo, ami yetu mmoja, fundi wa injini za meli aliyestaafu, akakiweka chini kikombe chake cha kahawa. Siku zote hizo alikuwa akinipa mgongo.

"Umri si hoja, mwanangu," akasema. "Chombo cha miaka hamsini kinakwenda maadamu vipuri vipo. Aliyekiunda akishafilisika, unanunua kwa bei anayoitaka mwenye navyo. Haya, hiyo ndege yenu vipuri vyake anavyo nani?"

Kuanzia hapo mabishano yakageuka. Watu wakaacha kuuliza mpya ni bei gani, wakauliza hii ya zamani inatugharimu nini kila mwaka, pamoja na zile za kukodi inaposhindwa safari. Maana Nairobi hadi Washington ni kama kilomita 12,000, na Fokker 70 iliundwa kwa safari fupi. Vijana wakasema apande Kenya Airways, inayokwenda New York moja kwa moja tangu Oktoba 2018. Binafsi sikuafiki, msafara wa Rais si abiria wawili watatu, lakini nikaiandika.

Kwenye fedha ndipo nilipokesha. Nilipakua makadirio ya bajeti nikaanza kupekua ya Ikulu, kumbe ndege ni mali ya jeshi, kwa hiyo ni Wizara ya Ulinzi, fungu la bajeti nambari 1041. Na huko pesa zimeandikwa kwa jumla kubwakubwa za programu, tairi la ndege hulioni. Ndiyo maana ombi letu la kwanza likawa hilo: gharama ya ndege za viongozi itengwe na ionekane, siri za kijeshi zibaki siri.

La pili ndilo lililochukua karibu ukurasa mzima. Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu serikali kutumia kwanza pesa ambazo hazijaidhinishwa, kisha ilipeleke jambo Bungeni ndani ya miezi miwili, alimradi zisipite asilimia 10 ya zilizopitishwa mwaka huo. Mlango huo ni wa dharura. Ndege inayozeeka tangu 1995 haiwezi kuwa dharura, kwa hiyo ikinunuliwa ipitie bajeti ya kawaida, ambapo Kifungu cha 221 kinailazimu kamati ya Bunge kusikiliza maoni ya wananchi.

Ikabaki kuuza ile ya zamani. Nikawapa mfano wa Malawi: Joyce Banda aliiuza ndege ya Rais mwaka 2013 kwa dola milioni 15, halafu swali la pesa zilikwenda wapi likamsumbua kuliko ndege yenyewe. Meksiko nao walichezesha bahati nasibu kwa jina la ndege yao mwaka 2020, tiketi peso 500, washindi wakapewa pesa, ndege ikabaki mpaka Tajikistan ilipoinunua 2023. Maskani ilicheka sana, na mmoja akaulizia tiketi. Tukaandika kwamba mauzo yaingie hazina kuu na yatangazwe.

Kwa atakayetaka kujaribu: makadirio hufika Bungeni kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, kwa hiyo Mei usilale. Taja nambari ya fungu, na usizidishe kurasa mbili. Zetu tulizituma kwa Karani wa Bunge la Taifa kwa barua pepe. Ami alidai chini ya jina lake iandikwe "fundi", wajue kwamba hata wenye mikono ya grisi wameandika. Sasa ananisukuma tuandike kuhusu feri za Likoni, na hizo, anasema, kurasa mbili hazitoshi.