Jua mgongoni mwa binti yangu

Jana jioni, jua likiwa limebakiza kama shibiri moja kuzama, nilimsimamisha binti yangu kwenye nyasi ndefu, jua likiwa nyuma yake. Nilitaka ule utepe wa dhahabu unaozunguka nywele. Picha za kwanza uso ulitoka mweusi tii, maana kamera iliona anga linalowaka ikapunguza mwanga wote. Nikapimia mwanga shavuni mwake, nikaongeza mwanga kwa stopu moja na nusu (kila stopu huongeza mwanga maradufu), macho yakaonekana. Anga likawa jeupe kabisa. Sawa tu, nilifuata macho.

Kisha nikavua kofia ya lenzi (ile inayokinga miale ya pembeni) kwa makusudi, na kichujio nacho, kwa sababu kila kioo cha ziada huongeza miakisi. Kwenye f/2, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, mwanga ulimwagika kama ukungu mwepesi. Nilipobana tundu hadi f/16, jua likawa nyota yenye ncha kali, na vidoa vya mwanga vikajipanga mstari hadi kidevuni. Kwa uso wa mtoto, mimi nachagua ukungu.

Kilichonisaidia zaidi ni kulificha jua nusu nyuma ya sikio lake. Nikisogea kidogo upande mmoja, picha nzima inapauka na fokasi inahangaika. Upande wa pili, miale inatoweka. Naye hatulii (nani atamlaumu?), basi nikapiga magoti, nikawa namfuata kwa skrini.

Ninayoipenda ni hii: ameinama kupuliza ua kavu, vinyweleo vya shavuni vinawaka kimoja kimoja, na doa la rangi ya chungwa limetua begani.