Mashujaa wa katuni niliowapatia wanangu

Binti yangu ana miaka tisa na anavaa shimesikio, yaani vifaa vya kumsaidia kusikia, masikio yote mawili. Kaka yake yuko kidato cha tatu. Wote wanapenda katuni za mashujaa wenye nguvu za ajabu, ila hapa Tabora nilizokuwa nazikuta ni zilezile: mwanamume mwenye kifua kipana anaiokoa dunia peke yake. Nilitaka wasome pia mashujaa wanaofanana nao, au wanaofanana na watoto wanaokaa nao darasani.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kutaja jina la mhusika, la mwandishi na mwaka. Shujaa mmoja huandikwa na watu wengi kwa miaka mingi. Black Panther, kwa mfano, alianza mwaka 1966. Yapo matoleo yake ya watoto, na yapo ambayo mwanangu mdogo simpi ng'o. Basi nikamtumia kaka yangu aliyeko Dar orodha kamili, akawa anazungukia wauza vitabu na kunitumia vifurushi kwa basi. Vingine nilinunua vya kusomea kwenye simu, na humo mara nyingi unaruhusiwa kuchungulia kurasa za mwanzo kabla hujalipa. Chungulia, tafadhali. Jalada peke yake halikuambii kitu.

Kwenye kurasa hizo natazama kama mhusika ana shughuli yake ndani ya hadithi au kawekwa tu kupendezesha picha. Na kwa shujaa mwenye ulemavu nina sharti: hadithi ikiisha kwa yeye kuponywa, sinunui. Binti yangu hasubiri kupona ndipo awe mtu kamili.

Kijana alimpenda Kamala Khan, wa Ms. Marvel iliyoandikwa na G. Willow Wilson kuanzia mwaka 2014. Ni msichana Mwislamu wa Jersey City, wazazi wake wametoka Pakistani. Siku anapopata nguvu anageuka mwanamke mwenye nywele za dhahabu, kama shujaa anayempenda, halafu anagundua mwili ule haumkai. Storm naye, shujaa wa kike mwenye nguvu juu ya hali ya hewa, aliyeanza mwaka 1975, mama yake ni Mkenya. Tunapokutana naye mara ya kwanza watu wanamwomba mvua kama mungu. Nilimpa kijana na swali juu yake: hao wanaoomba mvua wenyewe wana lao la kusema? Tulibishana mpaka chakula kikapoa, na nilifurahi.

Lakini kitabu kilichobadilisha nyumba yetu ni El Deafo cha Cece Bell, cha mwaka 2014. Ni maisha ya mwandishi mwenyewe, ila watu wote kawachora sungura. Msichana ana kifaa cha kusikia kifuani, na kwa kifaa hicho anamsikia mwalimu wake hata akiwa nje ya darasa, kwa hiyo anajiona shujaa. Kiko kwa Kiingereza, na binti yangu Kiingereza bado. Kaka yake akachukua jukumu: anatafsiri, anaandika kwenye vipande vya karatasi, anavibandika juu ya maneno. Wakafika pale betri inapoisha. Mwandishi kayafifisha maneno ya watu kidogo kidogo hadi hayasomeki. Kijana akaweka kalamu pembeni, akachukua penseli, akawa anaandika Kiswahili chake kwa kuipunguza nguvu neno hadi neno. Binti yangu aliutazama ukurasa ule akasema, "Mama, ndivyo inavyokuwa hasa." Sijawahi kuelezwa vizuri hivyo.

Sasa anataka shujaa mwenye ualbino kwa ajili ya rafiki yake wa darasani. Katika mkoa wetu jambo hili halihitaji maelezo. Nimetafuta sana, na wengi niliowaona wenye ngozi hiyo wamechorwa kuwa waovu au viumbe wa kutisha. Hao siwaleti nyumbani. Anayemjua shujaa aliyeandikwa kwa heshima, anayekwenda shule na mwenye marafiki, aniambie jina, mwandishi na mwaka. Kaka yangu yuko tayari kuzunguka.